Zawadi Zilitoka Mfuko wa Nani?

Jumapili tulisoma Luka 14, habari ya yule anayepiga hesabu kabla ya kujenga mnara. Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo andiko hilo nalipenda kupita kiasi. Lakini wiki nzima nimekuwa nikiwaza mjengo mwingine.

Ukishika hii barabara yetu ya Namanga ukaingia Tanzania, ukaendelea mpaka pwani ya kusini, utafika Kilwa. Nilifika huko miaka michache iliyopita. Pale Kisiwani, juu ya genge linalotazama bahari, kuna magofu ya Husuni Kubwa, kasri ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, karne ya 14. Vyumba zaidi ya 100, kuta za mawe ya matumbawe, na kidimbwi chenye pembe nane. Utajiri ulitokana na biashara ya dhahabu ya Sofala. Kasri yenyewe haikumalizika.

Hapo mhubiri angesema: mnaona, hakupiga hesabu! Nami nilifikiri hivyo. Halafu nikasoma habari za Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331. Yeye anamsifu sultani kwa ukarimu. Watu walimwita Baba wa Zawadi. Ijumaa moja, akitoka msikitini, fukara alimwomba nguo alizovaa. Akaingia ndani, akabadilisha, akampa. Saa hiyo hiyo! Mwanawe akazichukua tena zile nguo, akamfidia fukara kwa watumwa 10. Sultani alipoona watu wanavyofurahia, akaongeza watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Hapo nilisimama. Nguo zilikuwa zake, sawa. Lakini wale watu 20, je? Mtu anaweza kuitwa mkarimu kwa kutoa maisha ya mwingine? Kuna ndugu aliniambia tusiwahukumu wa kale kwa macho ya leo. Nakubali kidogo tu. Yule mtumwa hakuhitaji kungoja karne ya 21 ndio ajue anaumia.

Sasa niseme yangu. Mwezi wa nne tulipokea mhubiri mgeni. Tulimpa bahasha nene, na ni mimi niliyeidhinisha. Kanisa lilishangilia, nami nikajisikia vizuri kweli. Siku hiyo mafundi wa mjengo wetu walikuwa na wiki tatu bila malipo. Kwa vitabu hakukuwa na kosa: bahasha ilitoka hazina ya wageni, vibarua wanalipwa kutoka hazina ya ujenzi, na ya ujenzi ilikuwa imekauka. Hesabu ilikubali kabisa. Kijana anayechanganya simiti alikuwa amesimama karibu na mlango, anapiga makofi pamoja nasi.

Wamelipwa wiki mbili. Ya tatu bado. Kikao cha wazee ni Alhamisi, na nimeomba jambo hilo liwe la kwanza, kabla ya mabati.