Noeli Katika Mji wa Ugenini

Wapendwa, kijana wa Dongobesh asomaye Ujerumani akitamani kuadhimisha Noeli mjini Dresden, penye soko la Noeli lililoanza mwaka 1434, je, akosa? Twajibu, hakosi. Kanisa la Frauenkirche la mji ule lilianguka kwa moto wa vita mwaka 1945, likasimamishwa tena mwaka 2005 kwa mawe mapya na ya kale. Kulitazama ni kujifunza saburi. Lakini ikiwa nauli yake ni zile fedha za mbegu alizomwahidi mama yake, hapo akosa, maana uzuri wa mawe haulipi deni. Tena akirudi, asiidharau nyumba yetu ndogo ya ibada. Bwana alilazwa horini.