Kuhesabiwa na Kujulikana

Sensa ya Tanzania ya 2012 iliandika watu 46,438 katika wilaya ya Mafia. Je, mtu akigeuzwa tarakimu hapungukiwi utu? Wapo wanaosema hupungukiwa, na ushahidi wao ni Mfalme Daudi, aliyewahesabu watu wake na taifa likapigwa kwa tauni. Lakini Biblia hiyohiyo ina kitabu kiitwacho Hesabu, ambamo Mungu mwenyewe anamwamuru Musa awahesabu Waisraeli, jina kwa jina, ukoo kwa ukoo. Basi kosa halimo katika kuhesabu, limo katika nia: Daudi alitaka kujua ana panga ngapi, si ana watu gani.

Mtazame karani wa sensa. Anabisha hodi, anauliza nani walilala humu usiku wa kuamkia siku ya sensa, na kila mmoja anapata nafasi yake: mzee kipofu, mvuvi, mtoto wa siku tatu. Hapo hakuna mkubwa wala mdogo. Utasema mkurugenzi wa halmashauri hawezi kuwajua maelfu kwa sura. Ni kweli, na ndiyo maana utawala umeshushwa kutoka wilaya hadi tarafa, kata, kijiji na kitongoji, mpaka kwa mwenyekiti anayejua kila mlango. Takwimu hupanda juu ili zahanati na madarasa yashuke chini. Zikipanda pasishuke kitu, hapo ndipo utu hupungua. Asiyehesabiwa hukosa fungu lake. Aliyehesabiwa kisha akasahauliwa amedhulumiwa mara mbili.