Nani Atarudi Kumtazama Mgonjwa?

Sote tunaujua mfano wa Msamaria mwema. Tunasifu huruma yake: alifunga vidonda vya mtu asiyemjua, akampeleka nyumba ya wageni, akalipa dinari mbili. Lakini kuna jambo tunalolisahau. Yule Msamaria aliahidi kurudi. Hakusema moyoni: feza nimetoa, yaliyobaki si kazi yangu.

Basi tujiulize: je, mwenye kutoa feza kwa ajili ya wagonjwa ana wajibu wa kurudi kutazama? Na akirudi, atazame nini?

Tuone mfano wa Marekani. Mji wa Chicago umo katika wilaya ya Cook, na wilaya hiyo ina hospitali zake za kupokea watu wote, hata wasio na kitu. Katika hospitali yake kubwa, mwaka 1937, mganga Bernard Fantus alianzisha akiba ya damu, ya kwanza katika hospitali za nchi ile. Miaka ya 1980 hospitali nyingine za mji zilikuwa zikiwahamishia huko maskini wasio na bima, hata waliokuwa hatarini. Mwaka 1986 sheria ya nchi ikaweka mpaka: mgonjwa wa dharura sharti apimwe na kutulizwa kwanza, hata kama hana cha kulipa.

Lakini mlango ukiwa wazi, nani ashike funguo za nyumba? Mpaka mwaka 2008 baraza la wilaya, ndio watu waliochaguliwa kwa kura, liliziendesha hospitali lenyewe. Wengi walinung'unika kwamba kazi zinatolewa kwa urafiki wa siasa. Mwaka ule baraza lilipandisha kodi ya mauzo, na papo hapo likakubali kuweka halmashauri ya peke yake, ya watu 11 wasiolipwa mshahara, iziongoze hospitali. Mwaka 2010 halmashauri hiyo ikafanywa ya kudumu. Hata hivyo baraza halikuacha yote: bajeti ya hospitali ingali inapita mbele yake.

Wako wanaosema: waachieni wenye elimu, kwani mwanasiasa anajua nini juu ya dawa? Wengine wanajibu: kodi ni ya watu, basi asimamie yule ambaye watu wanaweza kumwondoa kwa kura. Sisi twaona kila upande umeshika nusu ya kweli. Mwenye elimu asiyeulizwa na mtu husahau upesi kwamba nyumba si yake. Na mwenye kura anayegawa kazi kwa ndugu zake amerudi kweli, lakini amerudi kujitafutia faida.

Haki ya kusimamia haitoki katika feza, wala katika elimu, wala katika kura peke yake. Inatoka kwa mgonjwa aliyelala pale. Msamaria akirudi, mwenye nyumba atamwonyesha hesabu, naye sharti azisome, kwani kuiba feza ya dawa ni kumwibia mgonjwa. Lakini hesabu zaweza kuwa safi, na mgonjwa akawa angali analala chini bila dawa. Kwa hiyo msimamizi mwema husoma kitabu, kisha huenda kitandani na kuuliza: ndugu, unatunzwaje?

Wala tusiwanyoshee kidole watu wa mbali. Kwetu Kongo pia wakaaji hupewa nafasi katika komite ya afya karibu na santre yao. Mara ngapi tunachaguliwa humo, tukaketi kimya kwa kumwogopa mkubwa, ao kwa kungojea posho? Tunatoa sadaka kwa ajili ya wagonjwa, tunarudi nyumbani na dhamiri tulivu. Lakini huruma inayolipa na isiyorudi ni nusu ya huruma. Tutoe, ndugu, kisha turudi.