Ramani na Rula

Tuna desturi ya kumwita mtu mkweli ikiwa maneno yake hayapingani. Shahidi hubanwa kizimbani kwa kutafutiwa mahali ambapo kauli yake ya asubuhi inagombana na ile ya jioni. Kwa miaka niliyokuwa chuo cha ualimu niliona kipimo hicho kikifaa kwa mambo mengi. Lakini upo uongo usiojipinga popote, na mfano wake ulio wazi ni ramani ya jengo iliyochapwa safarini.

Ndugu msomaji, printa nyingi za madukani haziwezi kutia wino hadi ukingoni mwa karatasi. Huacha pambizo la milimita chache. Basi kompyuta, kwa kuchelea mistari ya pembeni isikatwe, mara nyingi huipunguza picha nzima ili ienee. Hufanya hivyo bila kuombwa. Na kwa kuwa kila printa ina pambizo zake, ramani iliyotoka sawasawa nyumbani huweza kusinyaa ugenini.

Tangu zile fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021, zilizokusudiwa kujenga madarasa 15,000 nchini, tumezoea kuona madarasa yakijengwa na mafundi wa hapo hapo, chini ya kamati za wananchi. Jirani yangu mmoja alisimamia ujenzi wa namna hiyo kijijini kwao, upande wa Maneromango wilayani Kisarawe. Alipopita Kibaha, pale Maili Moja, aliingia duka la steshenari akachapa ramani kutoka kwenye flashi. Darasa lilikuwa la mita 9 kwa 7, skeli ya 1:50, yaani urefu wa milimita 180 kwenye karatasi. Ilitoka asilimia 96 ya ukubwa wake, na wino ulikuwa hafifu hata tarakimu za vipimo hazikusomeka. Fundi mwashi akaweka rula, akapata karibu milimita 173. Akapiga hesabu, akatikisa kichwa: "Mzee, nani huyu anachora darasa la mita nane na sentimita sitini na tano?" Wakapiga simu kabla jembe halijagusa ardhi.

Itazame ramani ile. Mlango ulilingana na dirisha, dirisha likalingana na ukuta, na pembe zote zilikuwa nyuzi 90. Ungeihoji kutwa nzima isingejikanganya. Fundi hakuugundua uongo kwa kuisoma zaidi, bali kwa miaka yake ya kushika tepu na kamba, ambayo haikuwamo katika karatasi. Laiti ingekuwa ramani ya A3 iliyobanwa kwenye A4, eneo la darasa lingepungua nusu kamili, na hata mtoto angecheka. Huu upungufu mdogo ndio unaoniogopesha. Ungewanyang'anya watoto karibu mita 5 za mraba, nafasi ya madawati kadhaa, kwa miaka yote ambayo jengo litasimama, na wasingejua kamwe kwamba wamenyimwa kitu.

Nani angelaumiwa? Wengi walimtaja kijana wa dukani. Mimi naona vigumu kumtia hatiani. Muuza sukari wa Maili Moja anauza uzito, na mizani yake hukaguliwa na Wakala wa Vipimo. Kijana yule anauza karatasi yenye picha, na picha aliitoa. Mteja ni mpita njia, foleni iko nyuma yake, daladala inapiga honi. Tukidai kijana ajue kila mstari wa kila mgeni una maana gani, tunamtwika mzigo wa mchoraji. Mchoraji ndiye ajuaye kwamba kazi yake itapita mikononi mwa watu asiowajua na mashine asizoziona.

Siku hizi jirani yangu haagizi ramani isiyo na mstari wa milimita 100 pembeni, ulioandikwa urefu wake. Dukani humwomba kijana achape kwa asilimia 100 bila kuienezea karatasi, kisha huazima rula pale kaunta na kuupima mstari ule kabla hajatoa pesa. Waliomo kwenye foleni hunung'unika kidogo.