Aibu ya Mjukuu wa Mganga

Ukipita Mbulu utasikia ukoo wa Manda do Bayo ukitajwa kwa heshima, na mara nyingine kwa kunong'ona. Ndio uliotoa waganga wakubwa wa Wairaqw, wale waitwao qwaslarmo, ambao wazee huwaendea mvua inapochelewa. Upande wa Hanang, Wadatoga bado wanamkumbuka Saigilo, mbashiri wa karne ya 19. Kuzaliwa katika nyumba za namna hiyo ni cheo, lakini kwa kijana wa kidato cha tatu ni mzigo.

Namfahamu mmoja. Wakati wa likizo hujifunza kazi ya babu yake. Shuleni husema babu ni mfuga nyuki. Wenzake wakiwacheka waganga, naye hucheka, tena kwa sauti kuliko wote. Neno analoliogopa ni moja: mchawi.

Neno hilo tumelikoroga. Kwa Wairaqw, mganga wa mvua na mchawi ni watu wanaopingana. Mmoja hutafutwa ili amzuie mwingine. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, iliyotungwa na Waingereza na ipo hadi leo, iliingiza ndani ya jina la uchawi hata kule kudai tu kuwa na nguvu za siri. Kisha yakaja mauaji ya watu wenye ualbino, hata Serikali ikawapiga marufuku wapiga ramli Januari 2015. Simlaumu kijana kwa kukwepa kusimama karibu na jina hilo.

Lakini je, anaona aibu kwa kuwa haamini, au kwa kuwa anatazamwa? Kama haamini kwamba dawa ya babu huleta mvua (nami siamini), basi akaseme nyumbani, kwa adabu, mbele ya mzee mwenyewe. Huo si utovu wa heshima. Kondoo aliolipwa babu ndio walionunua sare na madaftari; deni hilo ni la kweli, ila halilipwi kwa kujilazimisha kuamini. Linachokataza ni kile kicheko cha bwenini. Aliyekulisha waweza kumpinga. Kumuuza ili upate marafiki ni jambo jingine kabisa.

Sidhani kama mzee hajui. Hamwulizi kitu. Likizo ikifika humwamsha alfajiri, wakaingia msituni, akamwonyesha tena mti wa dawa ya kuhara, na kijana hulitaja jina lake kwa Kiiraqw bila kukosea.