Wazo la Leo: Komando Yupi?

Marafiki waliokulia Mongbwalu, mji wa dhahabu kaskazini-magharibi mwa Bunia, wanapotaniana kwenye WhatsApp kuhusu sinema za zamani, ubishi hauchelewi kuwaka. Chukua Commando ya 1985. Mmoja anakumbuka Arnold Schwarzenegger akimrushia adui yake, Bennett, bomba la chuma, likamtoboa kifua hadi mvuke ukafuka. Mwingine anaapa kwamba steringi alianza kwa kumporomoshea adui kejeli za kuvunja mbavu. Huenda wote wako sahihi.

Huko mashariki mwa Kongo, kama Uganda na Tanzania, wengi waliziona filamu hizi katika vibanda vya video: televisheni moja, deki, mabenchi ya mbao, na jenereta likinguruma nje. Kiingereza kiliwapiga chenga watazamaji, hivyo msimulizi alitafsiri papo hapo na kutia chumvi apendavyo. Kampala ina VJ Jingo wa Kiluganda, Kenya ina DJ Afro, na Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, ambaye kwa mashabiki wake alikuwa mkubwa kuliko steringi mwenyewe.

Ndiyo maana kuisaka filamu YouTube hakumalizi ubishi. Nakala ya studio haina sauti ya msimulizi, na utani uliotiwa kibandani, bila kinasa sauti, ulipotea jioni ileile. Kilichobaki ni ushahidi wa waliokuwepo, wakiwemo waliopenya mlangoni bila kulipa.