Gichiaro: Udugu Usiotokana na Damu

Je, wajibu wa kidugu hutoka kwenye damu peke yake? Wameru wa Kenya hulijibu swali hili kwa gichiaro. Neno lenyewe limetokana na kitenzi chao cha kuzaa, lakini huwataja watu wasiozaliwa pamoja: koo mbili, au hata jamii mbili, zilizofungwa na agano la mababu. Mtu wa gichiaro chako humdanganyi, humdhuru, wala humnyimi chakula akibisha hodi; na kwa kuwa ni ndugu, kuoana ni mwiko. Mali ikiibwa, wazee wanaweza kumtuma mtu wa gichiaro amhoji mshukiwa, maana kumdanganya huyo huleta laana, na ni hatari kuliko kumdanganya askari.

Mpinzani atasema huo si wema, ni hofu ya laana tu. Lakini laana hulinda ahadi, haiizai. Shahidi huapa kwa Biblia mahakamani, na hatuuiti ukweli wake woga. Pingamizi gumu zaidi ni hili: mjukuu atabanwaje na kiapo cha mababu asichokula yeye? Mjukuu huyo huyo amerithi amani iliyoletwa na kiapo. Apokeaye faida ya ahadi hawezi kwa haki kuutupa mzigo wake. Kasoro moja yabaki: gichiaro huishia kwa walioagana, ilhali Msamaria wa Injili alimhudumia majeruhi asiye na agano naye. Hata hivyo, gichiaro kinathibitisha kwamba mpaka wa udugu huwekwa na watu, na kwa hiyo watu wanaweza kuupanua.